Je, wajua kwa nini anayekoroma huamka amechoka?

Treni ya usiku kutoka Tabora kwenda Kigoma, daraja la pili kulala, mnalala watu sita chumba kimoja. Safari yangu ya mwisho, kitanda cha chini alilala mzee mmoja. Hatujafika hata Kaliua, anakoroma mpaka kelele za reli hazisikiki. Kijana wa kitanda cha juu akacheka: "Mzee kalala usingizi wa pono!"

Mimi nilipata hofu. Mkoromo ulikuwa ukikatika ghafla. Kimya. Nikahesabu polepole hadi kumi na nne, ndipo mzee akashtuka, akavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini, akaanza upya.

Kukoroma kwenyewe ni jambo la kawaida mno. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1993, kwa watu wa miaka 30 hadi 60, ulikuta wanaokoroma mara kwa mara ni asilimia 44 ya wanaume na 28 ya wanawake. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea na ulimi hurudi nyuma. Hewa inapojipenyeza kwenye njia iliyobana hutikisa kaakaa laini na kidakatonge, na huo mtikisiko ndiyo sauti tunayoisikia. Unene wa shingo, pombe, sigara, mafua na kulala chali huzidisha.

Cha kuogopa ni kile kimya. Hapo njia ya hewa imeziba, oksijeni inashuka kwenye damu, na ubongo unalazimika kumgutusha mtu ili apumue. Mwenyewe hakumbuki, ingawa aliyezidiwa hugutuka mara 30 au zaidi kwa saa moja. Atapumzika saa ngapi? Asubuhi kichwa kinauma, mchana anasinzia hata akiwa kwenye usukani. Moyo nao haupumziki, na ndiyo maana tatizo hili huandamana na presha na kiharusi.

Kulikucha tukiwa Uvinza, wauza chumvi wakiita madirishani.

"Shikamoo mzee, umeamkaje?"

"Marahaba. Mwili mzito, kama sijalala."

Nikamweleza nilichohesabu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema anameza dawa za presha kila siku na haishuki, ila habari ya kukoroma hajawahi kumtajia daktari. Nikamsihi aitaje, tena aende na mkewe, maana yeye ndiye anayekisikia kile kimya.