Marufuku ya Kukloni Binadamu: Yanayosemwa na Yaliyomo Katika Sheria

Kondoo Dolly, aliyepatikana kwa kukloni, yaani kuundwa kama nakala ya kijenetiki ya kondoo mwingine, alizaliwa katika Taasisi ya Roslin, Scotland, mwezi Julai 1996, na habari zake zilipotangazwa Februari 1997 mabunge mengi yalianza mbio za kutunga sheria za kuzuia binadamu asizaliwe kwa njia hiyo. Sheria hizo huzungumziwa sana na kusomwa kidogo. Kwa kawaida ni fupi, na tofauti ya nchi moja na nyingine hukaa katika neno moja au mawili, kwa hiyo anayezitaja kwa jumla jumla hukosea kwa urahisi.

Dhana: dunia nzima imekwisha kupiga marufuku.

Hakuna mkataba wa kimataifa unaozifunga nchi zote. Tamko la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu jenomu (jumla ya vinasaba) ya binadamu linasema kuwa vitendo vinavyokiuka utu wa mtu, kukiwemo kukloni kwa ajili ya uzazi, havitaruhusiwa, lakini tamko halina nguvu ya mkataba. Itifaki ya Baraza la Ulaya inayokataza kukloni binadamu, iliyofunguliwa kwa ajili ya saini mjini Paris tarehe 12 Januari 1998 na kuanza kutumika Machi 2001, ina nguvu hiyo, ila inazibana nchi zilizoiridhia peke yake.

Katika Umoja wa Mataifa, Ufaransa na Ujerumani zilipendekeza mwaka 2001 mkataba wenye lengo moja tu, yaani kuzuia mtoto wa kloni asizaliwe. Kundi jingine, ambalo Costa Rica ilikuwa mstari wa mbele na Marekani ikiliunga mkono, lilitaka marufuku ya kila aina ya kloni, hata ile ya utafiti inayoishia maabara. Wakavutana kwa miaka kadhaa, na mwisho wake likapatikana tamko lisilo na nguvu ya kisheria, lililopitishwa tarehe 8 Machi 2005 kwa kura 84 dhidi ya 34, huku nchi 37 zikijizuia kupiga kura. Waliopinga, Uingereza na China wakiwemo, hawakuwa wakitetea uzazi wa kloni. Walikataa maneno yaliyoweza kusomwa kama marufuku ya utafiti wa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine.

Dhana: Marekani ina sheria kali ya taifa inayozuia jambo hili.

Haina. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa marufuku mara mbili, Julai 2001 kwa kura 265 dhidi ya 162, na Februari 2003 kwa kura 241 dhidi ya 155, na mara zote mbili muswada ukakwama Seneti. Sababu ni ileile: upande mmoja ulitaka kuharamisha utengenezaji wowote wa kiinitete (chanzo cha mimba katika siku zake za mwanzo) cha kloni, upande wa pili ukataka kuharamisha tu kukipandikiza katika mji wa mimba. Kwa maoni yangu hili ndilo funzo gumu kuliko yote katika historia ya sheria hizi, kwamba watu waliokubaliana kabisa juu ya kosa kuu walishindwa kulizuia kwa sababu ya kubishania jambo la pembeni. Kilichobaki ni sheria za majimbo, California ikiwa ya kwanza mwaka 1997, pamoja na vizuizi vya fedha za umma na madai ya mamlaka ya chakula na dawa kwamba jaribio lolote la namna hiyo linahitaji kibali chake.

Dhana: anayekataza uzazi wa kloni amekataza pia utafiti.

Hapa ni lazima kutazama kazi yenyewe. Mtaalamu huchukua yai la mwanamke, hutoa kiini chake, kisha huingiza kiini cha seli ya mwili wa mtu mwingine. Yai likichochewa huanza kugawanyika. Mpaka hapo hakuna mimba. Kiko kiinitete ndani ya chombo cha maabara, na seli shina zinaweza kuvunwa kutoka kwake, jambo ambalo watafiti wa Oregon walilifanikisha mwaka 2013. Mimba huanza kuwezekana pale tu mtu anapokiweka kiinitete hicho katika mji wa mimba. Baadhi ya nchi hukataza hatua zote mbili, nyingine hukataza ya pili tu, na Australia ilihama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili: sheria yake ya 2002 ilikataza zote, lakini mwaka 2006 ikafungua mlango kwa utafiti wenye leseni.

Uingereza inaonyesha vizuri jinsi maneno yanavyoweza kumponyoka mtunga sheria. Sheria yake ya mwaka 1990 ilieleza kiinitete kuwa kile ambacho urutubishaji wake umekamilika. Kiinitete cha kloni hakirutubishwi na mbegu ya kiume, na kikundi cha wapinga utoaji mimba kilipokwenda mahakamani, Mahakama Kuu ilikubali mwezi Novemba 2001 kwamba sheria hiyo haikihusu. Serikali ilishtuka, na kabla ya wiki ya kwanza ya Desemba kwisha sheria mpya ilikuwa imekwisha kupita, ikisema kwa sentensi moja kwamba anayeweka ndani ya mwanamke kiinitete cha binadamu kilichoundwa kwa njia isiyo ya urutubishaji ametenda kosa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Baadaye mahakama za rufaa zilitengua hukumu ile ya kwanza, na mwaka 2008 nchi hiyo ikageuza mantiki yote: badala ya kutaja kinachokatazwa, ikataja aina za viinitete vinavyoruhusiwa kupandikizwa. Naiona njia hiyo kuwa bora, kwa kuwa mbinu mpya haiwezi kuikwepa kwa kuwa tu haikutajwa.

Dhana: sababu ya marufuku ni dini peke yake.

Dini imo, lakini takwimu za wanyama zinatosha. Dolly alipatikana baada ya mayai 277 kuunganishwa na seli. Nyani wawili wa kloni waliotangazwa na watafiti wa Shanghai mwaka 2018 walitokana na viinitete 79 vilivyopandikizwa kwa majike 21. Mimba zilikuwa sita, na watoto waliozaliwa hai ni hao wawili. Hao walitokana na seli za kijusi. Seli za mnyama mzima zilipotumika, watoto wawili walizaliwa na hawakuishi. Hakuna kamati ya maadili inayoweza kumwomba mwanamke aridhie hesabu hizo.

Dhana: kloni ni njia ya kumrudisha marehemu, na mtoto anayezaliwa hivyo angekuwa haramu mbele ya sheria.

Kloni huzaliwa mchanga, akiwa na tofauti za makuzi na hata za kimwili: paka wa kwanza wa kloni, aliyezaliwa Texas Desemba 2001, hakuwa na mabaka ya rangi aliyokuwa nayo paka aliyetoa seli. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2004 ilikwisha kuiona tamaa hiyo ya kumrudisha marehemu, kwani inaadhibu kwa kifungo cha miaka 30 jaribio la kuzalisha mtoto anayelingana kijenetiki na mtu mwingine "aliye hai au aliyefariki". Adhabu humwangukia mtendaji. Katika sheria ile fupi ya Uingereza ya 2001, mtoto hakutajwa hata mara moja.