Koleslo ya Carolina pembeni ya babekyu: yanayosemwa na ukweli wake

Katika mji wa Lexington, North Carolina, ukiagiza sahani ya babekyu unaletewa bega la nguruwe lililoiva polepole juu ya makaa ya miti migumu, limekatwakatwa, na pembeni yake kuna rundo dogo la kabichi nyekundu yenye siki. Endesha gari mwendo wa saa chache kuelekea mashariki ya jimbo hilohilo, ambako huchomwa nguruwe mzima, na kabichi inakuja nyeupe au ya manjano hafifu, laini na tamu zaidi. Zote mbili ni koleslo, na hakuna iliyokosea. Kila moja imetungwa kwa ajili ya nyama iliyo karibu nayo na mchuzi unaomwagiwa nyama hiyo. Makosa mengi ya wapishi wa nyumbani yanaanzia hapo: wanaitengeneza kama saladi ya kujitegemea, kisha wanashangaa inapoizidi nyama nguvu, au inapoilowesha.

Wanasema: bila mayonezi si koleslo

Jina lenyewe linakanusha. Limetoka katika Kiholanzi, koolsla: kool ni kabichi, sla ni saladi. Waholanzi waliohamia bonde la mto Hudson ndio walioliingiza Marekani, na mwaka 1749 msafiri kutoka Sweden, Pehr Kalm, aliandaliwa kabichi iliyokatwa nyembamba mjini Albany ikiwa na siki, mafuta, chumvi na pilipili. Mayonezi ya chupa ilikuja baadaye sana. Eugenia Duke, mwanzilishi wa mayonezi ya Duke's, kwa mfano, alianza biashara yake Greenville, South Carolina, mwaka 1917. Kwa hiyo koleslo ya siki ndiyo kaka mkubwa, na ile nyeupe ya mayonezi ndiyo mgeni.

Anayekula nyama choma kwa kachumbari hahitaji kushawishiwa juu ya hili. Mafuta ya nyama huufunika ulimi, na uchachu huusafisha ili tonge linalofuata lionje kama la kwanza. Ukiweka mayonezi nyingi juu ya nyama yenye mafuta, umeongeza mafuta juu ya mafuta. Ndiyo maana hata koleslo nyeupe iliyotengenezwa vizuri huwa na siki ya kutosha kusikika, na mayonezi hubaki kuwa kitambaa chembamba tu juu ya kabichi.

Wanasema: koleslo nyekundu hutengenezwa kwa kabichi ya zambarau

Hapana. Kabichi ya Lexington ni ileile ya kawaida, ya kijani iliyokolea nje na nyeupe ndani. Wekundu unatoka kwenye tomato sosi. Upande huo wa jimbo, mchuzi wa nyama huitwa dip: siki, maji, tomato sosi, sukari, chumvi na pilipili. Vitu hivyohivyo ndivyo vinavyoingia kwenye kabichi, na ndiyo sababu nyama na koleslo hukubaliana kinywani kama waliolelewa nyumba moja. Kabichi ya zambarau ni ngumu zaidi kutafuna, na ukiichanganya na mayonezi hutoa rangi na kuacha bakuli zima la waridi lisilopendeza.

Vipimo vya koleslo nyekundu kwa kilo 1 ya kabichi (uzito baada ya kutoa majani ya nje na moyo mgumu wa katikati):

tomato sosi mililita 160
siki ya tufaha mililita 120
sukari gramu 65, kama vijiko vikubwa 5
chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai
pilipili manga iliyosagwa papo hapo, kijiko 1 cha chai
pilipili kavu iliyopondwa, nusu kijiko cha chai, au sosi ya pilipili vijiko 2 vya chai

Wengi wa huko hutumia sosi ya pilipili ya Texas Pete, ambayo licha ya jina lake hutengenezwa Winston-Salem, si mbali na Lexington. Changanya vyote pembeni kwanza, ukoroge mpaka sukari iyeyuke kabisa, ndipo umimine juu ya kabichi. Sukari isipoyeyuka hutaisikia, utaongeza nyingine, na baada ya saa moja koleslo itakuwa tamu kama jamu. Kumbuka pia kwamba tomato sosi yenyewe imebeba sukari nyingi, takriban robo ya uzito wake. Ukionja na kuona imezidi utamu, dawa ni siki, kijiko kimoja kimoja. Chumvi haitasaidia.

Wanasema: maji yakijaa chini ya bakuli, mayonezi ilikuwa mbovu

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na mayonezi haina kosa. Kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Chumvi na sukari zikigusa sehemu iliyokatwa huyavuta maji hayo kutoka ndani ya jani hadi nje, nayo huingia kwenye mchuzi na kuuzimua. Koleslo iliyokuwa nzito saa nne asubuhi inakuwa supu saa saba mchana. Kuongeza mayonezi ni kupoteza fedha, maana maji bado yanatoka.

Kwa koleslo nyeupe, yatoe maji kabla ya kuweka mchuzi. Kilo 1 ya kabichi iliyokatwa, gramu 20 za chumvi ya kawaida (kijiko kikubwa kimoja kilichojaa). Sugua kidogo kwa mikono, weka ndani ya chujio juu ya beseni, acha saa moja. Kisha suuza kwa maji baridi ya bomba ili chumvi itoke, kamua kwa mikono, na mwisho ikaushe ndani ya kitambaa safi. Hatua hii ya kitambaa ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua matokeo: ukiacha maji ya kusuuzia ndani ya kabichi, umebadilisha maji kwa maji. Jani litakuwa limelegea kidogo, linapindika bila kukatika, lakini bado linalia likitafunwa. Onja kabla ya kuongeza chumvi yoyote.

Mchuzi wake: mayonezi gramu 150, siki vijiko vikubwa 3, sukari vijiko vikubwa 2, pilipili manga nusu kijiko cha chai, na mbegu za seleri nusu kijiko cha chai ukizipata. Ionje mayonezi kwanza. Ya Duke's haina sukari kabisa, lakini nyingine nyingi za madukani zina sukari tayari, na kwa hizo anza na kijiko kimoja tu.

Koleslo nyekundu ni kinyume: usiitie chumvi mapema wala usiikamue. Maji ya kabichi yakiungana na siki na tomato sosi yanakuwa mchuzi mwepesi unaotakiwa kuteremka hadi kwenye nyama.

Wanasema: njia sahihi ya kukata ni nyuzi ndefu

Nyuzi ndefu zinafaa kwenye sahani ya uma. Ndani ya mkate zinakera: unang'ata mara moja na uzi mzima unachomoka pamoja na nusu ya nyama. Katika Carolina zote mbili utakuta kabichi iliyokatwa ndogo, kiasi cha punje ya mahindi au hata ndogo kuliko hiyo, kwa sababu nyama yenyewe imekatwakatwa na vyote viwili vinaliwa pamoja.

Kwa mkono: kata kabichi mara nne, toa moyo, kata vipande vyembamba vya milimita 3, kisha geuza ubao na kata tena kwa upande. Kwa mashine ya jikoni: jaza nusu tu ya chombo na bonyeza kwa mpigo mfupi, mara 6 hadi 8. Ukiiacha izunguke mfululizo, vipande vya chini vinakuwa uji wakati vya juu bado ni vikubwa, na uji huo ndio unaotoa maji machungu. Kikwaruzo cha karoti kina shida hiyohiyo: kinararua jani badala ya kulikata. Kitumie kwa karoti tu, nayo iwe moja ndogo kwa kilo ya kabichi. Koleslo nyekundu haihitaji karoti.

Wanasema: siki ni siki

Soma chupa. Vipimo hivi ni vya siki yenye uchachu wa asilimia 5. Siki nyeupe ni kali puani na haina ladha nyingine, hivyo ukiitumia mahali pa siki ya tufaha anza na robo pungufu. Maji ya ndimu yanafaa kwa koleslo ya kuliwa papo hapo. Ikilala, harufu yake safi inapotea na kubaki ukakasi.

Wanasema: ikilala ndiyo inanoga

Ni kweli kwa nyekundu. Ipe saa 2 kwenye friji kwa uchache, na siku ya pili bado ni nzuri, maana siki inalainisha bila kuharibu. Nyeupe iliyokamuliwa hufikia kilele baada ya nusu saa hadi saa 4, kisha hushuka. Ukitaka kutangulia kazi, kamua kabichi jana yake, ihifadhi peke yake ndani ya chombo kilichofunikwa, mchuzi kwenye chupa, na changanya wageni wakikaribia. Ile ya haradali inayopendwa Memphis, Tennessee, ambako hupangwa moja kwa moja juu ya nyama ndani ya mkate, iko katikati: haradali ya manjano gramu 80, mayonezi gramu 60, siki mililita 60 na sukari gramu 70 kwa kilo 1, nayo hustahimili usiku mmoja.

Wanasema: mayonezi juani ndiyo inayoumiza matumbo

Dhana hii ina hatari kwa sababu inaelekeza jicho pasipostahili. Mayonezi ya kiwandani ina siki au ndimu ya kutosha kuwazuia vijidudu wengi, na mayai yake yamepitishwa kwenye joto la kuua vijidudu. (Ile ya nyumbani yenye yai bichi ni habari nyingine, hiyo iliwe siku hiyohiyo na ikae kwenye baridi.) Mashaka ya kwanza yawe juu ya kabichi, mikono, kisu na ubao uliokatiwa nyama mbichi.

Mfano upo. Mwaka 1981, katika majimbo ya pwani ya mashariki ya Kanada, watu 41 waliugua kwa bakteria aitwaye listeria, wengi wao wajawazito na watoto wachanga, na uchunguzi uliishia kwenye koleslo. Kabichi ilitoka shamba lililotiwa samadi mbichi ya kondoo, kisha ikahifadhiwa kwa muda mrefu kwenye baridi. Listeria hukua hata ndani ya friji, hivyo baridi peke yake haikuokoa mtu.

Toa majani mawili ya nje na uyatupe. Ipasue kabichi, isuuze kwa maji yanayotiririka, iache idondoke maji. Ubao wa mboga usiwe ule wa nyama. Iweke koleslo kwenye nyuzi joto 4 au chini yake, na ikishawekwa mezani isikae zaidi ya saa 2. Joto la hewa likizidi nyuzi 32, saa 1. Weka bakuli dogo mezani juu ya barafu na ujaze tena kutoka kwenye friji, badala ya kuweka beseni zima juani.

Wanasema: ni ya nyama ya nguruwe tu

Owensboro, Kentucky, inajulikana kwa babekyu ya kondoo, na kaskazini mwa Alabama kuku wa moshi huzamishwa kwenye mchuzi mweupe wa mayonezi na siki. Kanuni ya kuchagua ni kuangalia mchuzi. Kuku aliyekwisha kupakwa mayonezi apewe koleslo ya siki tupu. Mbuzi au kondoo mwenye mafuta apewe nyekundu. Nyama iliyomwagiwa siki na pilipili pekee, kama mashariki ya North Carolina, ndiyo inayotaka nyeupe yenye utamu, kwa sababu uchachu tayari uko kwenye nyama.

Kadiria gramu 100 kwa mlaji mmoja kwenye sahani, gramu 50 ndani ya mkate. Itoe kwenye friji ikiwa baridi kabisa, ichuje kidogo kwa kijiko chenye matundu kama inaingia kwenye mkate, iweke juu ya nyama ya moto na uufunge mkate wakati wa kuula, si kabla.