Kumwandaa Farasi Kabla ya Kumpeleka Kliniki

Daktari anayempokea farasi kliniki humwona kwa muda mfupi tu, tena mnyama akiwa mahali pageni na ametoka kusafirishwa. Anayemjua farasi huyo akiwa ametulia ni mtu anayemlisha kila siku. Ndiyo maana sehemu kubwa ya uchunguzi huanzia zizini, na yale ambayo mwenye farasi ameyaandika hutufaa sisi wa kliniki kuliko yale anayojitahidi kuyakumbuka mbele ya daktari.

Vipimo vichukuliwe asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, farasi akiwa amepumzika. Farasi aliyekomaa mwenye afya huwa na joto la nyuzi 37.5 hadi 38.5 za Selsiasi, moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na huvuta pumzi mara 8 hadi 16. Mapigo hutafutwa kwa ncha za vidole viwili chini ya taya, upande wa ndani wa ukingo wa mfupa, ambako mshipa huhisika kama uzi mnene unaoteleza. Kidole gumba kisitumike kwa kuwa nacho kina mapigo yake. Joto hupimwa kwenye njia ya haja kubwa, kwa hiyo mpimaji asimame ubavuni, karibu na paja, kamwe si nyuma ya miguu. Dalili zinazokuja na kupotea, kama vile kukohoa anapoanza kukimbia au kutikisa kichwa akivalishwa hatamu, zirekodiwe kwa simu, kwa sababu mara nyingi hazijitokezi siku ya miadi.

Jambo linalotuharibia kazi kuliko mengine yote ni dawa ya maumivu iliyotolewa kwa huruma kabla ya safari. Farasi anayechechemea akipewa dawa hiyo hutembea vizuri mbele yetu, na chanzo cha maumivu hakionekani. Asipewe bila kumuuliza daktari. Na ikiwa amekwisha kupewa, tuambiwe jina la dawa, kiasi na saa, kwani kurudia dawa za aina hiyo kunaweza kudhuru figo na tumbo. Vilevile, viatu vya kwato visiondolewe kabla ya kuuliza, maana huenda daktari akataka kuona jinsi farasi anavyokanyaga akiwa navyo.

Kuhusu chakula, hakuna kanuni moja kwa kila ziara. Uchunguzi wa tumbo kwa kamera huhitaji tumbo tupu, kwa hiyo kliniki itataja saa ya kuondoa nyasi na hata maji, ilhali ziara nyingine hazihitaji kufunga kabisa. Punda na farasi wa aina ndogo (poni) walionenepa wasifungishwe kwa kukisia, kwani njaa huweza kuyafanya mafuta ya mwilini yafurike kwenye damu na kuhatarisha maisha yao. Mtoto anayenyonya aje na mama yake, wala asinyimwe maziwa bila agizo. Iwapo farasi atalazwa, aletewe chakula alichozoea, kwa kuwa kubadilishiwa chakula ghafla huweza kumletea msokoto wa tumbo.

Farasi asiyezoea trela afundishwe kupanda mapema, bila haraka. Katika safari ndefu asifungwe kwa kamba fupi, kwani asipoweza kuinamisha kichwa hushindwa kutoa uchafu katika njia ya hewa, na hilo huongeza hatari ya ugonjwa wa mapafu. Rekodi za chanjo, hasa ya pepopunda, na za dawa za minyoo zisafiri pamoja naye.

Akiwa na homa, kamasi nzito au uvimbe chini ya taya, simu ipigwe kabla ya kuondoka. Huenda ni maambukizi ya tezi yanayosambaa kwa ndoo, kamba na mikono ya watu, na ndani ya kliniki wamo wagonjwa dhaifu na farasi wachanga. Akifika abaki ndani ya trela hadi mhudumu atakapokuja na kuonyesha mlango wa kumpitishia.