Mikanda, Mitindo na Majivuno: Yanayosemwa Kumbini na Yaliyo Kweli

Katika kumbi za kijamii za Eastlands, Nairobi, si ajabu kukuta kundi la karate likimaliza mazoezi huku kundi la taekwondo likisubiri mlangoni zamu yake. Watu hao husalimiana kwa adabu, lakini kila kundi likishabaki peke yake huanza kulisema lingine: hawa wanacheza ngoma, wale wanauza mikanda. Mengi ya maneno hayo yametoka katika vibanda vya video, na mengine hutoka kwa walimu wanaogombea wanafunzi wachache wenye uwezo wa kulipa ada. Mzazi anayetafuta mahali pa kumpeleka mtoto huyapokea kama elimu. Nimechukua yale yanayorudiwa zaidi jijini nikayapima kwa historia na kanuni za michezo yenyewe.

Dhana: Mkanda mweusi ulikuwa mweupe uliochafuka kwa jasho la miaka mingi

Hadithi hii inapendeza, na walimu wengi huwasimulia watoto, lakini haina msingi. Jigoro Kano alianzisha judo katika shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, na mwaka uliofuata aliwapa wanafunzi wake wawili, Shiro Saigo na Tsunejiro Tomita, daraja la dan ya kwanza (dan ni ngazi zinazofuata madaraja ya wanafunzi), bila mkanda wowote wa kulionyesha. Desturi ya kuvaa mkanda mweusi ilifuata miaka michache baadaye, kwa uamuzi wa makusudi wa kuwatofautisha wenye dan na wasio nayo. Rangi nyingi za kati zilistawi Ulaya: nchini Ufaransa mfumo huo ulienezwa na Mikinosuke Kawaishi, aliyeanza kufundisha Paris katikati ya miaka ya 1930. Karate nayo iliazima. Gichin Funakoshi alitoka Okinawa kwenda Tokyo mwaka 1922, na mwaka 1924 akatoa dan za kwanza za karate kwa kufuata mfano wa judo. Anayezungumza juu ya mkanda kana kwamba ni urithi wa maelfu ya miaka anasahau kwamba daraja la dan katika judo limeitangulia reli kufika Nairobi, mwaka 1899, kwa miaka isiyofika ishirini.

Dhana: Mwenye mkanda mweusi amefika kileleni

Dan ya kwanza ndiyo ya chini kabisa kati ya kumi za judo, na kuanzia ya sita hadi ya nane mkanda rasmi wa Kodokan huwa na vipande vyekundu na vyeupe. Kukkiwon, makao ya taekwondo huko Seoul, hutaka mwaka mmoja kati ya dan ya kwanza na ya pili, miaka miwili kabla ya ya tatu, na mitatu kabla ya ya nne. Aliyefunga mkanda mweusi mwezi jana amethibitisha kwamba anaijua misingi, na sioni sababu ya kumdai zaidi ya hapo.

Dhana: Aliyeupata kwa miaka mitatu ni tapeli, aliyechukua kumi ndiye halisi

Hapa ndipo ugomvi mkubwa ulipo, na ndipo pande zote mbili hukosea. Muda wa kufikia mkanda mweusi hutofautiana mno kati ya mchezo na mchezo. Nchini Japani ni jambo la kawaida mwanafunzi wa sekondari kupata dan ya kwanza ya judo baada ya miaka michache ya mazoezi. Katika jiu-jitsu ya Brazili, kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, kwa kawaida humtaka mtu akae miaka miwili katika mkanda wa bluu, mwaka mmoja na nusu katika wa zambarau na mwaka mmoja katika wa kahawia, wala hawezi kupewa mweusi kabla ya kutimiza miaka 19. Hicho ndicho kima cha chini, na wengi huchukua karibu miaka kumi. Kuulinganisha mkanda wa mchezo mmoja na wa mwingine kwa miaka pekee hakuna maana, kwa kuwa kila mmoja umeamua wenyewe rangi hiyo isimame wapi katika safari ya mwanafunzi.

Hata ndani ya mchezo mmoja, kalenda hudanganya. Anayefanya mazoezi mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara, hupata takriban saa 100 kwa mwaka. Anayekwenda siku tano kwa wiki na kukaa saa mbili hupata takriban 500. Baada ya miaka mitatu huyu wa pili ana saa 1,500, ambazo mwenzake atazifikia mwaka wa kumi na tano. Kwa hiyo swali la kwanza linalofaa kuulizwa ni saa ngapi mtu ametumia mkekani; la pili ni nani alikuwa mbele yake katika saa hizo.

Mikanda ya kuuzwa ipo, hilo halina ubishi. Tazama mtihani mmoja wa namna inayoonekana mara nyingi jijini. Mtahini ameketi nyuma ya meza ya plastiki, na orodha ya majina iko mbele yake pamoja na namba za malipo ya M-Pesa. Mtoto wa miaka kumi hivi anafika katikati ya kata, yaani mfululizo wa hatua na mapigo yaliyokaririwa, anasahau hatua, anasimama na kumtazama mwalimu wake aliye kando. Mwalimu anamwonyesha kwa kidole upande wa kugeukia. Mtoto anageuka, anamaliza, na jina lake linatiwa alama. Hakuna aliyeanguka siku hiyo, na hakuna aliyepangiwa mwenzake wa kumkabili. Mikanda ilikuwa imeshanunuliwa na kukunjwa ndani ya mfuko kabla mtihani haujaanza.

Kulipa ada ya mtihani si wizi. Ukumbi hukodiwa, mtahini hulipiwa nauli, na cheti kinachotoka Seoul au Tokyo kina bei yake. Tatizo huanza pale ada ya kila mwezi inapokuwa ndogo, tena hailipwi kwa wakati, hata mtihani ukawa ndio pato pekee la uhakika la mwalimu. Mwalimu aliye katika hali hiyo huvutwa kuongeza mitihani, kugawanya rangi moja kuwa mbili kwa kuongeza mstari, na kuogopa kumwangusha mwanafunzi ambaye mzazi wake atahamia ukumbi wa jirani. Wengi wa walimu hao si watu wabaya. Mpangilio wenyewe wa fedha ndio unaowasukuma. Kwa maoni yangu, ukumbi unaotoza ada ya mwezi inayotosha na mtihani wa bei nafuu una nafasi kubwa zaidi ya kusema hapana inapobidi.

Dhana: Mtoto akivaa mkanda mweusi, basi ukumbi wake ni wa uongo

Mashirikisho makubwa yamelifikiria jambo hili. Kukkiwon huwapa walio chini ya miaka 15 daraja la poom, ambalo mkanda wake una nusu nyekundu na nusu nyeusi. IBJJF ina rangi za watoto, yaani kijivu, njano, chungwa na kijani, na haitoi bluu kabla ya miaka 16. Mtoto aliyepata daraja la watoto hajamdanganya mtu. Anayemwambia mtoto huyo kwamba sasa anaweza kumkabili mkora mtu mzima gizani ndiye anayedanganya.

Dhana: Mtindo wetu ndio wa asili, ule mwingine umeigwa

Ukifuata nasaba za walimu, majivuno haya hayasimami. Anko Itosu wa Okinawa alimfundisha Funakoshi, ambaye mtindo wa karate wa Shotokan ulitokana naye, na pia Kenwa Mabuni, mwanzilishi wa mtindo wa Shito-ryu. Hironori Otsuka, mwanzilishi wa Wado-ryu, alikuwa mwanafunzi wa Funakoshi. Kata za Pinan alizozipanga Itosu kwa ajili ya shule ndizo hizo hizo ambazo watu wa Shotokan huziita Heian, na mabadiliko machache tu ndiyo yanayozitenganisha. Choi Hong-hi, mmoja wa waliolipigania jina la taekwondo mwaka 1955, alikuwa amejifunza karate alipokuwa mwanafunzi Japani. Jiu-jitsu ya Brazili nayo inarudi kwa Mitsuyo Maeda wa Kodokan, aliyefika nchini humo mwaka 1914. Katika mashindano ya Shirikisho la Dunia la Karate, watu wa Shotokan, Goju-ryu, Shito-ryu na Wado-ryu hukutana katika kumite, yaani pambano la watu wawili, ileile kwa kanuni zilezile, na mwamuzi hamwulizi mtu alitoka ukumbi gani.

Dhana: Kuna mtindo mmoja unaoyashinda yote

Wanaoshikilia hili hutaja usiku wa tarehe 12 Novemba 1993 mjini Denver, Marekani, ambapo Royce Gracie wa jiu-jitsu ya Brazili aliwashinda wapinzani watatu katika UFC ya kwanza, mashindano yaliyowakutanisha wapiganaji wa mitindo tofauti. Ushindi huo ulikuwa wa kweli, na ulionyesha kwamba mpiganaji wa ngumi na mateke asiyejua mieleka ya chini hupotea akishaangushwa. Kisha wapinzani wakajifunza, na faida ile ikapungua.

Kinachoumba mwili wa mchezaji zaidi ni kanuni za alama. Katika taekwondo ya Olimpiki ngumi ya kifuani ina alama moja, teke la kawaida la kichwani lina tatu, na ngumi ya usoni hairuhusiwi. Ndiyo maana wachezaji wake hushusha mikono bila hofu. Mwanandondi akiwaona huwacheka, lakini yeye mwenyewe hajawahi kujilinda dhidi ya mguu unaopanda hadi sikioni. Judo haina kipigo hata kimoja katika mashindano, lakini mwenye judo hushika na kuvuta mtu anayekataa kwa nguvu zote, kila siku ya mazoezi, jambo ambalo kumbi nyingi za kata tupu hazilifanyi kamwe. Ukumbi wenye mwenza anayekataa ni bora kuliko usio naye, hata kama zote mbili zina jina moja la mtindo mlangoni.

Dhana: Mwenye mkanda mweusi lazima asajili mikono yake polisi

Sheria ya Kenya haina sharti hilo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu huamua suala la kujitetea kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza, ambayo hutazama kama nguvu iliyotumika ilikuwa ya lazima na ya kadiri. Mahakama inaweza kuuzingatia ujuzi wako inapopima hilo, nayo hufanya hivyo bila daftari lolote la kituoni.

Dhana: Cheti chenye muhuri wa nje hutambuliwa popote

Cheti hutambuliwa na chama kilichokitoa na wale wanaokubaliana nacho. Taekwondo ina vyombo viwili vikubwa, Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo (ITF) lililoanzishwa mwaka 1966 na lile la Olimpiki lililoanzishwa mwaka 1973, na daraja la kimoja halihamii kwa kingine lenyewe. Nchini, Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inavitaka vyama vya michezo visajiliwe na Msajili wa Michezo, na mzazi ana haki ya kumwuliza mwalimu ukumbi wake uko chini ya chama gani kilichosajiliwa, nani alitia sahihi dan yake, na mara ya mwisho mwanafunzi kuanguka katika mtihani ilikuwa lini.