Kukipenda kitu si tamaa

Wengi hudhani anayeng'ang'ania kitu ana uchu wa mali. Na watazame Bettada Hoovu, filamu ya Kikannada ya mwaka 1985 kutoka kusini mwa India. Ramu, mtoto wa familia maskini (Puneeth Rajkumar, aliyepata Tuzo ya Taifa ya Filamu ya India kwa uigizaji huo, na aliistahili), anatamani kitabu kimoja tu: Sri Ramayana Darshanam, utenzi wa mshairi Kuvempu. Anapanda milimani kutafuta maua ya okidi, anaziuza, anadunduliza rupia. Kitabu hakijawa chake bado, lakini moyo umeshakwama humo kwa jasho lake mwenyewe, wala si kwa bei. Halafu baridi inabana nyumbani, na pesa zile zile anazinunulia blanketi la familia. Mwenye uchu angefanya hivyo?