Konekta yenye pini nyingi kwenye mchoro wa saketi: dhana potofu na ukweli wake

Mchoro wa saketi unaochorwa Dodoma mjini mara nyingi husomwa mbali na meza ulikochorwa. Bodi ya kusimamia pampu ya sola hubuniwa hapa mjini, ikafungwa kisimani Bahi au Chemba, na anayeitwa kuitengeneza huja na mita, bisibisi na karatasi ya A4. Kompyuta hana. Kwa ajili ya fundi huyo, dhana hizi zinafaa kusahihishwa mapema.

"Konekta ni moja, basi ichorwe kisanduku kimoja." Hii ndiyo inayoharibu michoro mingi kuliko zote. Chukua konekta ya pini 40 ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Ukiichora ilivyo, safu mbili za pini 20 katikati ya ukurasa, mistari inalazimika kukizunguka kisanduku ili ifike inakokwenda. Pini 3 na 5 za I2C (njia ya data ya waya mbili) zinaelekea kwenye kihisi upande mmoja, pini 2 na 4 za volti 5 zinatokea upande wa pili, na graundi nane zimetawanyika kwenye 6, 9, 14, 20, 25, 30, 34 na 39. Fundi anafuata mstari kwa ncha ya kalamu, anafika penye makutano, anaupoteza, anaanza upya.

Ukweli ni kwamba mchoro wa saketi unaonyesha kazi, si umbo. Konekta hiyo hiyo inaweza kugawanywa vipande: J1A ikabeba umeme na graundi zote, J1B ikabeba I2C, J1C pini 8 na 10 za UART, J1D pini 19, 21, 23, 24 na 26 za SPI (UART na SPI nazo ni njia za data). Kila kipande kinakaa jirani na sehemu inayokitumia, hata kama ni ukurasa mwingine. KiCad, programu ya kuchora saketi na bodi, inaruhusu alama moja yenye vipande vingi, na kwenye bodi bado inahesabika konekta moja. Wapo wanaolalamika kwamba ukigawanya, fundi haioni tena konekta nzima. Hoja yao ni ya haki, nami naikubali: weka ukurasa wa kwanza jedwali la pini zote 40, likifuata mpangilio halisi wa safu mbili, lenye jina la kila pini na ukurasa ilipo.

"Namba za pini zinajieleza." Hazijielezi hata kidogo. GPIO4, yaani ishara ya matumizi ya jumla namba 4, iko kwenye pini ya 7. Pini ya 4 ni volti 5. Ukiandika "4" peke yake, atakayefunga waya wa data wa kihisi kwenye volti 5 hana kosa, amesoma ulichoandika. Weka vyote viwili, namba ya pini na jina la ishara. Na kwa konekta kama DE-9, yenye pini tisa katika safu mbili, sema unaitazama kutoka wapi. Dume ukilitazama usoni, safu ya pini tano ikiwa juu, pini ya 1 iko kushoto. Kwa jike iko kulia. Ukigeuza upande wa kuchomelea waya, mambo yanapinduka tena.

"Lebo ni bora kuliko mstari." Lebo ni jina linaloandikwa kwenye ncha mbili za muunganisho badala ya kuchora mstari. Si bora kila mahali. Ukurasa uliojaa lebo bila mistari ni orodha ya majina tu, na kisimani hakuna kitufe cha kutafuta. Vitu vilivyo karibu viunganishe kwa mstari. Lebo iwe ya kuvuka ukurasa, na kando yake iandikwe namba ya ukurasa inakokwenda. KiCad inaweza kuziandika namba hizo yenyewe kwenye lebo za jumla, yaani zinazounganisha kurasa zote.

"Pini isiyotumika isichorwe." Ichore, uitie alama ya X. Pini 27 na 28 za Raspberry Pi zimetengwa kwa ajili ya kutambua bodi inayochomekwa juu yake. Zikiachwa nje ya mchoro, fundi anayetafuta pini ya kuongezea swichi ya boya la tangi ataziona tupu na kuzitumia. X na neno "zimetengwa" vitamwelekeza kwingine, mathalani pini ya 29, ambayo ni GPIO5.