Paka anakohoa: acheni kumpa Panadol

Swali: Paka wangu anakohoa tangu juzi, nimpe dawa gani ya nyumbani?

Usimpe dawa yoyote ya binadamu. Naanza na hilo kabla hata sijauliza kikohozi kikoje, maana kila mara tunaletewa paka ambaye kikohozi chenyewe kingetibika, kilichomuangusha ni alichonyweshwa nyumbani.

Swali: Hata robo ya Panadol? Au ile ya maji ya watoto?

Hata robo. Hata ya maji. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamo, dawa iliyomo kwenye Panadol, kama la mtu, inageuka sumu na damu inashindwa kubeba oksijeni. Piga hesabu mwenyewe, robo ya kidonge cha mg 500 ni mg 125, kwa paka wa kilo 3 hiyo ni zaidi ya mg 40 kwa kila kilo, tayari ni sumu. Ukimfunua mdomo unakuta fizi zimekuwa za kahawia au bluu, uso umevimba, miguu imevimba, na ukimtoa damu inatoka rangi ya chokoleti. Dawa nyingi za mafua za watu zina parasetamo ndani, nazo hapana. Brufen, diklofenaki, aspirini, hapana.

Swali: Nilishampa asubuhi, mbona yuko sawa tu?

Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi! Usikae kusubiri dalili jamani, ipo dawa ya kuzuia hiyo sumu, asetilisisteini, ila inasaidia zaidi ikiwahiwa. Usimtapishe kwa chumvi, usimpe maziwa ukidhani yanakata sumu. Beba na pakiti ya dawa uliyompa.

Swali: Kitunguu saumu si cha asili?

Cha asili ndio, na kinaua. Kitunguu saumu na kitunguu maji vinapasua chembe nyekundu za damu ya paka, kiwe kibichi, kimepikwa au cha unga. Vicks na mafuta ya mikaratusi usimpake, paka anajilamba kwa hiyo chochote unachompaka anakila. Na hii ya kumminia mafuta ya kula mdomoni eti nywele alizomeza akijilamba zishuke, yanapita njia ya hewa yanaingia mapafuni, unamtengenezea nimonia mwenyewe.

Swali: Lakini si nywele tu zimemkwama?

Hapa ndo watu wanapoteza wiki nzima. Paka anajikunyata, shingo kainyoosha mbele karibu na sakafu, anakohoa na hakitoki kitu, nyumba nzima inasema nywele. Ikijirudia hivyo fikiria pumu au maambukizi. Mrekodi video uje nayo, inatusaidia sana.

Swali: Basi nyumbani nifanye nini?

Ondoa moshi. Jiko la mkaa, udi, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma, vyote vinamchokoza. Mfute pua na macho kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu, mpashie samaki asiye na chumvi wala kitunguu apate harufu ale.

Swali: Nisubiri siku ngapi?

Anahema mdomo wazi au tumbo linapanda na kushuka kwa nguvu, hakuna kusubiri, hata iwe usiku. Akilala hesabu pumzi dakika 1, zikizidi 30 kila ukihesabu, mpeleke. Amegoma kula siku nzima, mpeleke. Anakula vizuri ila anakohoa tu, zisipite siku 2. Na njiani usimpe kitu.